Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za hali halisi

Wanaoniandikia kuhusu kazi hii huanza na kamera, na barua ya tatu au ya nne ndipo wanapofika kwa watu. Hapa nimechanganya yote, lakini niseme mapema ninaposimama: picha ya hali halisi ni kitu ulichokopeshwa. Uso si wako, nyumba uliyoingia si yako, na mnyama uliyemvizia hakukualika. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na deni hilo.

Picha za hali halisi ni picha gani hasa?

Ni picha za mambo yaliyotokea kweli, zilizopigwa na mtu ambaye hakuyapanga na aliyekaa nayo muda wa kutosha kuyaelewa. Picha ya habari inaeleza kilichotokea leo. Ya hali halisi inataka kujua watu wanaishije siku ambayo hakuna kilichotokea: nani anaamka wa kwanza, nani anabeba maji, mtoto analala wapi mchana. Mpaka kati ya hizo mbili si mkali. Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour na George Rodger walikuwa wametoka kwenye vita walipoanzisha shirika la wapiga picha la Magnum mwaka 1947, na jambo moja walilolidai ni kwamba haki za picha zibaki kwa aliyezipiga. Kwa njia hiyo mpiga picha angeweza kuchagua mwenyewe jambo la kukaa nalo, badala ya kukimbizwa na wahariri kutoka tukio moja hadi jingine.

Ninunue kamera gani?

Anza na uliyonayo, hata kama ni ya simu. Ukifika wakati wa kununua, kwa picha za watu tafuta lenzi ya milimita 35 au 50. Lenzi hizo zinakulazimisha usimame mahali ambapo mtu anakuona na anaweza kukusemesha, na hilo ni jema kwa picha na kwa adabu. Kwa wanyamapori utahitaji milimita 400 au zaidi. Weka akiba ya betri. Nimeona watu wengi wakikosa picha kwa betri kuliko kwa lenzi.

Lazima nisafiri nchi za mbali?

Hapana. Ugeni una faida yake, maana macho ya mgeni huona vitu ambavyo wenyeji wameshavizoea. Lakini mgeni huyohuyo hajui kwa nini yule mama amekaa peke yake, wala kwa nini wanaume wale hawasalimiani. Ukianzia unapojulikana, unajua. Chagua mlango mmoja, kazi moja, familia moja, kisha rudi hapo mara ishirini. Ukisafiri baadaye utakuwa umeshajifunza kurudi, na kurudi ndiko kunakowashinda wengi.

Nimkaribieje mtu nisiyemjua? Niombe ruhusa kabla au baada ya kupiga?

Hili ndilo swali linalonijia kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kuna hali tatu. Kama uso wa mtu mmoja ndio picha yenyewe, omba kabla. Kama kuna jambo linalopita mara moja, mfano watu wawili wanaokumbatiana baada ya kupotezana, piga, kisha nenda ukajitambulishe, uwaonyeshe picha na uwe tayari kuifuta mbele yao. Na kama ni umati barabarani, huwezi kumwomba kila mmoja, lakini kamera iwe mahali pa wazi. Ukijikuta unaificha chini ya koti, jiulize unamkwepa nani.

Kuomba nako kuna namna. "Naomba nikupige picha" ni maneno machache mno, kwa sababu mtu hajui picha inakwenda wapi. Mweleze: mimi ni fulani, nafanya kazi kuhusu jambo fulani, picha itaonekana mahali fulani, na ukibadili mawazo utanipata kwa namba hii. Akisita, amekataa. Usimbembeleze.

Nilitaka kumpiga picha mzee mmoja fundi viatu. Mara tatu za kwanza nilikaa tu kwenye kigoda cha wateja, kamera ikiwa begani. Mara ya nne aliniambia, "Mwanangu, hebu shika huo uzi," nikaushika, naye akaupitisha kwenye nta hadi mwisho. Tangu hapo nilikuwa mtu mwenye kazi pale. Picha niliyoipenda kuliko zote niliipata mara ya sita: ameinamisha kichwa, misumari mitano midogo imebanwa midomoni, vichwa vyake vikimetameta kama mbegu, na jicho moja amelifumba kupima kisigino. Siku ya kwanza nisingeipata, maana siku ya kwanza aliitema misumari kila nilipogusa kamera.

Sheria inasemaje?

Inatofautiana nchi na nchi, na ni juu yako kuisoma ya mahali unapofanyia kazi. Katika nchi nyingi unaweza kupiga picha mahali pa hadhara, lakini kutumia uso wa mtu kwenye tangazo la biashara kunahitaji idhini yake ya maandishi. Ujerumani ni kali zaidi, na kisa chake kinafundisha. Mwaka 1898 wapiga picha wawili waliingia usiku kwa siri katika nyumba ya Otto von Bismarck, kiongozi wa zamani wa nchi hiyo, wakampiga picha akiwa maiti kitandani. Familia ilikwenda mahakamani, picha zikazuiwa, na fadhaa ya kisa hicho ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1907 inayosema kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kanuni hiyo bado ina nguvu.

Pamoja na hayo, sheria ni sakafu tu. Kuna picha nyingi ninazoruhusiwa kisheria kuzipiga ambazo sizipigi.

Na watoto?

Ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza, kisha ya mtoto mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa. Usitaje jina lake kamili pamoja na shule na mtaa. Akiwa mgonjwa, uchi, au amedhulumiwa kwa namna itakayomfuata ukubwani, piga mikono, viatu, kivuli ukutani. Atakapokuwa na miaka thelathini, picha hiyo bado itakuwa kwenye intaneti.

Nimlipe mtu ninayempiga picha?

Fedha kabla ya picha hubadilisha kinachotokea: mtu anaanza kukupa kile anachodhani umekinunua. Ndiyo maana vyombo vingi vya habari vinakataza. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema usitoe chochote. Ukimkalisha mtu siku nzima, amepoteza mapato ya siku nzima. Mimi hulipia muda pale ninapouchukua, huleta chakula tukala pamoja, na huleta picha zilizochapishwa. Jambo la lazima ni kusema wazi umetoa nini iwapo msomaji wako atauliza.

Mtu yuko kwenye dhiki. Nipige picha au nisaidie?

Machi 1993 Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alimpiga picha mtoto aliyeanguka kwa njaa huko Ayod, Sudan (sasa Sudan Kusini), akiwa njiani kwenda kwenye kituo cha chakula, tai akiwa ametua nyuma yake. Gazeti la New York Times liliichapisha, na wasomaji wengi walipiga simu kuuliza mtoto yuko wapi hata gazeti likalazimika kuandika maelezo ya ziada. Carter alisema alimfukuza yule ndege. Mwaka 1994 alipewa tuzo ya Pulitzer, na miezi michache baadaye akajitoa uhai. Watu hukitumia kisa hiki kumhukumu mtu mmoja. Mimi nakitumia kujiandaa. Kabla ya kwenda mahali penye maafa, jua kituo cha afya kiko wapi, namba ya dharura ni ipi, na wewe mwenyewe unaweza nini.

Ukishafika, kipimo changu ni hiki: kama mkono wako ndio pekee ulio karibu, weka kamera chini. Kama wapo wenye ujuzi wanaosaidia na wewe ungekuwa kikwazo tu, kazi yako ni kushuhudia, basi ifanye vizuri na upishe njia.

Wanyamapori: nikae umbali gani?

Umbali ambao mnyama anaendelea na shughuli zake. Hakuna hesabu moja ya mita, kwa sababu korongo aliyezoea wavuvi atakuvumilia pale ambapo korongo wa porini ameshaondoka. Msome mwenyewe. Swala akiacha kula akainua kichwa, umeshaingia kwenye siku yake. Tembo akitanua masikio na kusimama kimya akikutazama, rudi nyuma taratibu. Ndege akilia kwa kurudia huku akizunguka juu yako, uko karibu na kiota.

Hilo la mwisho nililijifunza vibaya. Nilipoanza, nilijibanza karibu na kiota kwa muda ambao niliuona mfupi, pengine dakika ishirini. Mama hakurudi kwa sababu yangu, na jua lilikuwa la saa saba. Nilipokuza picha jioni ndipo nilipoona kwamba makinda yote matatu yamefunua midomo na kutandaza mabawa, yanahema kwa joto. Nilidhani yanaomba chakula. Picha hizo sijazionyesha popote, na tangu siku hiyo siendi kwenye viota wakati wa makinda.

Dawa ya kweli ya umbali ni subira, na njia moja ya zamani ya kuwa na subira ni kuiacha kamera ikusubirie. George Shiras, Mmarekani aliyekuwa mwindaji kabla ya kushika kamera, alitega kamera zenye nyuzi ili mnyama akigusa uzi usiku ajipige picha mwenyewe. Jarida la National Geographic lilizichapisha picha zake za usiku mwaka 1906. Mitego ya leo huhisi mwendo wa mnyama apitapo na joto la mwili wake, lakini wazo ni lilelile.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: faili la picha hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kama kamera au simu imewashwa kipimo hicho. Picha ya faru ikiwekwa hadharani pamoja na eneo lake inaweza kuwa ramani ya majangili. Zima kipimo hicho, na usitaje kona wala kisima.

Naweza kutumia chambo, au kumpiga mnyama aliyefugwa?

Chambo humfundisha mnyama mwindaji kumhusisha binadamu na chakula, na mnyama aliyejifunza hivyo mara nyingi huishia kuuawa. Mimi nakataa. Mnyama aliyefugwa unaweza kumpiga, ilimradi useme kwamba amefugwa. Udanganyifu ndio unaoua kazi. Katika shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year la mwaka 2009, iliyoshinda ni picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku. Januari 2010 majaji walimwondoa mshindi kwa kuamini kuwa huyo alikuwa mbwamwitu aliyefunzwa. Mwaka 2018 shindano hilohilo likaiondoa picha ya mla-mchwa wa Amerika Kusini akikaribia kichuguu kinachong'aa gizani, baada ya wataalamu kumlinganisha na mnyama aliyekaushwa na kukuta michirizi ya manyoya inafanana. Wapiga picha wote wawili walikana.

Punda, paka na kuku nao wamo?

Wamo sana, na naona tumewasahau. Maisha ya kila siku ya watu sehemu kubwa ya dunia ni maisha pamoja na wanyama. Angalia mkono wa mwenye punda unapumzikia wapi anapozungumza na watu. Shuka chini hadi usawa wa macho ya mnyama. Picha inayopigwa kutoka juu humfanya aonekane kama mzigo.

Kamera niipange vipi?

Kwa mtu anayetembea, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde inatosha. Anayekimbia, au mnyama anayekimbia, 1/1000. Ndege anayeruka, 1/2000. Giza likiingia, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila hofu, kwani chengachenga ni bora kuliko ukungu wa mkono uliotikisika.

Halafu mwanga wa uso. Kamera hupima fremu nzima, hivyo mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana hutoka kama kivuli, bila macho. Pima mwanga usoni mwake, acha ukuta uungue, yaani utoke mweupe mtupu, ukibidi. Au mwombe msogee pamoja kwenye kivuli cha mlango, ambapo mwanga unatoka upande mmoja na ni laini. Nimeona picha nyingi mno za watu weusi ambamo kila kitu kinaonekana isipokuwa mtu mwenyewe, na huo ni uzembe wa mpiga picha.

Kuhariri kunaruhusiwa hadi wapi?

Mwanga, rangi kwa kiasi, kukata kingo: sawa. Kuongeza, kuondoa au kuhamisha kitu kilichokuwepo: hapana. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshee jalada la wima, na lawama zake hazijaisha. Nyuma zaidi, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange aliagiza kidole gumba kifutwe kwenye kona ya picha yake maarufu ya mama mhamiaji, kwa kuwa aliona kinavuruga macho. Mkuu wake hakufurahi. Nami naona alikosea, ingawa picha ni kubwa: kile kidole kilikuwa mkono wa mtu ulioshika nguzo ya hema.

Picha zilizoundwa na akili mnemba hazimo katika kazi hii hata chembe. Hakuna aliyesimama pale.

Nyeusi na nyeupe, au rangi?

Rangi ikisema jambo, iache. Isiposema, iondoe. Usiondoe rangi ili umaskini uonekane wa kishairi.

Kwa nini maelezo ya picha ni muhimu hivyo?

Kwa sababu picha haijui jina la mtu. Lange alipompiga yule mama huko Nipomo, California, Machi 1936, hakuandika jina lake. Gazeti lilichapisha picha za kambi ile, chakula kikapelekwa, lakini familia ilikuwa imeshaondoka. Dunia ilimwita "mama mhamiaji" kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 1978 alipojitokeza: Florence Owens Thompson. Alikuwa na uchungu kwamba picha ilisambaa kote na yeye hakupata kitu.

Kwa upande mwingine yupo Lewis Hine. Kuanzia mwaka 1908 alizunguka Marekani kwa ajili ya kamati iliyopinga ajira ya watoto, akiingia viwandani kwa kujifanya mkaguzi au mchuuzi. Alijua urefu wa kila kifungo cha kizibao chake kutoka sakafuni, kwa hiyo mtoto akisimama karibu naye alijua kimo chake, akaandika kwa siri kwenye daftari ndani ya mfuko: jina, umri, kazi, saa. Mwenye kiwanda angeweza kusema picha ni ya uongo, daftari lilimjibu. Sheria ya taifa iliyodumu ilikuja mwaka 1938, miaka thelathini baada ya Hine kuanza. Wanaoniuliza kama picha inabadilisha kitu, nawaelekeza kwenye hiyo miaka thelathini na kwenye lile daftari.

Andika papo hapo: nani, wapi, lini, anafanya nini, na neno moja alilolisema mwenyewe. Kesho utakuwa umesahau.

Nihifadhi vipi?

Nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine. Ernest Cole, aliyepiga picha maisha ya watu weusi chini ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alifariki New York mwaka 1990 na negativu zake, yaani filamu zenye picha, zikidhaniwa zimepotea. Mwaka 2017 takriban 60,000 zilikabidhiwa kwa jamaa zake, zikitoka kwenye hifadhi ya benki huko Stockholm. Wewe usitegemee bahati ya namna hiyo.

Mtu akiniomba niiondoe picha yake, hata kama alikubali zamani?

Iondoe. W. Eugene Smith alimpiga picha msichana aliyezaliwa na sumu ya zebaki huko Minamata, Japani, akiogeshwa na mama yake, na picha hiyo ilisaidia dunia kuona kosa la kiwanda. Msichana alifariki mwaka 1977. Miaka ya 1990 wazazi wake walichoka kuiona ikizunguka, wakataka apumzike. Aileen Smith, aliyefanya kazi hiyo pamoja na Eugene na kurithi haki zake, aliwakubalia, ingawa ilikuwa moja ya picha mashuhuri kuliko zote za karne yake. Kama ile iliweza kuondolewa, yangu inaweza.

Niwarudishieje wenyewe picha zao?

Zichapishe kwenye karatasi. Picha ya simu hupotea pamoja na simu. Mpiga picha Malick Sidibé, huko Bamako, Mali, miaka ya 1960, alizunguka kwenye dansi za vijana Jumamosi usiku, akarudi kusafisha filamu, kisha akabandika picha ndogondogo nje ya studio yake ili waliocheza waje wajitafute na kuagiza. Picha zile zilitazamwa kwanza na waliomo, makumbusho yakaja baadaye sana.

Yule mzee fundi viatu nilimpelekea yake katika bahasha ngumu. Aliifuta mikono kwenye aproni mara mbili kabla ya kuipokea, akaitazama kimya, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba moja ya ile misumari ilikuwa imepinda. Nilipopita wiki iliyofuata ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa, na pembeni yake kwa kalamu ameandika tarehe.